Muziki wa okestra katika filamu za zamani: unasimama wenyewe au unaegemea picha?

msikilizaji_tanga

Habari zenu wanajukwaa.

Kwa muda sasa nimekuwa nikisikiliza muziki wa okestra uliotungwa kwa ajili ya filamu za Marekani na Uingereza kuanzia miaka ya 1930, na nimeamua kuusikiliza peke yake, bila kutazama filamu zenyewe. Kazi nyingine zinajitosheleza kabisa. Muziki ambao John Barry aliutungia Out of Africa mwaka 1985 unaweza kuusikiliza umefumba macho na usione kwamba kuna kitu kimepungua. Nyingine zinanishinda. Nilipousikiliza ule wa King Kong ya mwaka 1933, kazi ya Max Steiner, nilikuta melodia inaanza na kukatwa kabla haijafika popote, matarumbeta yanalipuka, kinafuata kimya, kisha linaingia jambo jipya ambalo halina uhusiano na lililotangulia. Mimi ni mwanakwaya, na katika kwaya tumezoea kwamba wimbo una pa kuingilia na pa kutokea, na kila sauti inajua inaelekea wapi.

Swali langu ni hili: je, muziki wa namna hiyo ni dhaifu kwa sababu hausimami bila picha, au mimi ndiye ninayeudai kitu ambacho haukuumbwa ili ukitoe? Na mtu anayetaka kuupenda kwa kuuelewa, asikilize nini hasa? Sitafuti orodha ya filamu bora. Nataka kujua wale wanaoufahamu wanatega sikio wapi.

pembe_ya_shaba

Ndugu msikilizaji, umeanza na kazi ngumu kuliko zote, kwa sababu Steiner alikuwa akilitafuta jibu la swali lako wakati huohuo akiandika noti. Alizaliwa Vienna mwaka 1888, akafanya kazi miaka mingi katika michezo ya jukwaani yenye nyimbo huko London na New York, na alifika Hollywood mwaka 1929, wakati filamu zenye sauti zilikuwa changa na watayarishaji wengi waliogopa kuweka muziki mahali ambapo okestra haionekani, wakidhani mtazamaji atajiuliza wapigaji wamejificha wapi. Steiner alisimulia kwamba wakubwa wa RKO, studio iliyoitengeneza filamu hiyo, walimtaka atumie muziki uliokwisha kurekodiwa kwa filamu nyingine, na kwamba Merian C. Cooper, mtayarishaji wa King Kong, ndiye aliyemwambia atunge mpya na kuahidi kubeba gharama yeye mwenyewe.

Sasa itazame filamu ukiwa na jambo moja tu la kuangalia: muziki unaanza wapi? Ukiacha ule wa mwanzo unaopigwa majina yanapopita, sehemu yote ya New York, na sehemu kubwa ya safari ya baharini, haina okestra kabisa. Watu wanazungumza, meli inakwenda, basi. Okestra inaingia pale meli inapopenya kwenye ukungu karibu na kisiwa, kwa vinubi na nyuzi za chini, polepole, na tangu hapo haituachi kwa muda mrefu. Steiner amegawa dunia mbili: dunia tunayoijua haina muziki, na dunia ya mnyama yule inao. Uamuzi huo ni wa kitunzi kabisa, lakini huwezi kuusikia kwenye santuri, kwa sababu santuri haina ule ukimya uliotangulia.

Ukatikaji unaokusumbua nao una sababu yake. Steiner alitunga kwa kupima muda wa kila tendo, hata hatua za mtemi wa kisiwa anapowaendea wageni zina noti zake, moja kwa kila hatua. Mimi mwenyewe sipendi sana ufuataji huo wa nyayo, na watunzi waliokuja baadaye waliukwepa. Hata hivyo melodia ya Kong ni noti tatu tu zinazoshuka, na ukizishika hizo tatu utaona kwamba sehemu nyingi ulizodhani hazina uhusiano zimejengwa juu yake. Mwishoni, mnyama anapoanguka, noti zilezile zilizotutisha zinapigwa kwa huruma.

Baada ya hapo mgeukie Erich Wolfgang Korngold, kwa sababu yeye ni mfano wa upande wa pili wa swali lako. Alikuwa mtoto wa ajabu wa Vienna, opera yake Die tote Stadt ilionyeshwa mwaka 1920 akiwa na miaka 23, na alipofika Hollywood mwaka 1934 aliichukulia filamu kama opera ambayo waigizaji wake hawaimbi. Mwanzoni mwa mwaka 1938 aliitwa kutoka Vienna kuja kutunga muziki wa The Adventures of Robin Hood. Mwezi Machi mwaka huo Ujerumani ya Hitler iliimeza Austria, na Korngold, aliyekuwa Myahudi, hakuwa na nyumba ya kurudia. Alisema maishani mwake kwamba filamu hiyo iliyaokoa maisha yake. Muziki wake ulipata tuzo ya Oscar. Baada ya vita alizichukua baadhi ya melodia alizotungia filamu, akaziweka katika koncheto ya fidla, yaani utunzi wa fidla moja ikisindikizwa na okestra, ambayo mpiga fidla Jascha Heifetz aliipiga kwa mara ya kwanza St. Louis mwaka 1947, na hadi leo wapigaji wakubwa wanaipiga katika kumbi ambazo wasikilizaji wake wengi hawajawahi kusikia habari za filamu hizo.

Lakini tazama alichokifanya: hakuzihamisha tu. Alizifungua kutoka kwenye sekunde za picha, akazirefusha na kuzipa njia mpya za kwenda. Kwa hiyo ningekujibu kwamba melodia nzuri husimama popote, ila umbo la muziki wa filamu mara nyingi limo katika picha, na anayeliondoa humo hana budi kulijenga upya.

nyuzi_tupu

Namheshimu ndugu pembe_ya_shaba, na aliyoyasema kuhusu ukimya wa King Kong ningependa kila mtu ayasome mara mbili. Hata hivyo jibu lake linamfanya mtu aamini kwamba ubora wa muziki huu unapimwa kwa melodia ambayo inaweza kuhamishiwa ukumbini. Bernard Herrmann anaupinga mtazamo huo kwa kazi yake yote.

Herrmann, aliyezaliwa New York mwaka 1911, hakupenda melodia ndefu. Alipendelea vipande vifupi vya noti mbili, nne au tano, akavirudia, akavigeuza, akaviacha vining'inie bila kufika nyumbani. Alitoka katika redio, ambako muziki wa sekunde chache lazima ueleze saa ya usiku, mahali na hofu ya mtu. Pia aliandika mwenyewe kila chombo kipige nini, wakati wenzake wengi, wakiwemo Steiner na Korngold, walikuwa na wasaidizi hodari wa kazi hiyo. Kwake yeye uchaguzi wa vyombo ndio utunzi wenyewe. Katika Journey to the Center of the Earth ya mwaka 1959 aliondoa fidla na ndugu zake wote, akaweka ogani tano. Mwaka uliofuata, kwa Psycho, aliondoa kila kitu akabakiza nyuzi peke yake.

Watu wakiitaja Psycho wanataja kile kisa cha bafuni, mwanamke anapouawa akioga, na ni kweli kwamba Hitchcock, mwongozaji wa filamu hiyo, alikitaka kiwe bila muziki mpaka Herrmann alipomsikilizisha alichokitunga. Mimi ninamshauri ndugu msikilizaji aanze mapema zaidi, pale mwanamke anapoendesha gari usiku kwenye mvua baada ya kuiba fedha. Zima sauti, utazame. Utaona uso wa mwanamke, usukani, taa za magari na vifuta maji vya kioo, na unaweza kuamini kwamba anarudi nyumbani kutoka kazini. Kisha washa sauti, urudie. Hakuna kilichobadilika katika picha, lakini sasa huwezi kukaa kitini kwa utulivu. Muziki haufuati anachokifanya, maana hafanyi chochote. Unafuata kile ambacho kamera haiwezi kukiona. Na kuna jambo dogo ambalo hutambulika kwa kusikiliza kwa makini: karibu katika filamu nzima nyuzi zimewekewa kile kidude cha kuzifinya sauti, hivyo zinasikika kama zinazungumza nyuma ya mlango uliofungwa, ila katika kisa cha bafuni vidude hivyo vimeondolewa. Ukali unaousikia pale uliandaliwa kwa dakika zaidi ya 40.

Kuhusu umbo, ambalo ndugu pembe amesema limo katika picha, ningependa kuleta Citizen Kane ya mwaka 1941, filamu ya kwanza ya Herrmann. Kuna sehemu ya mezani wakati wa kifungua kinywa inayosimulia ndoa nzima kwa muda wa dakika mbili hivi: mume na mke wanaanza kwa mapenzi, wanaendelea kwa ubishi, na mwisho kila mmoja yuko upande wake wa meza, mke akiwa amejifunika kwa gazeti la mshindani wa mumewe. Herrmann ametunga walsi moja nyepesi, kisha kwa kila hatua ya ndoa anairudisha ikiwa imebadilishwa sura, ya haraka zaidi, ya kuchokoza, ya ubaridi, mpaka mwisho imebaki mifupa. Huo ni muundo ambao watunzi wa ukumbini wameutumia kwa karne nyingi, na Herrmann mwenyewe aliandika mwaka huohuo kwamba sehemu kadhaa za filamu ile zilihaririwa ili zilingane na muziki. Kwa hiyo nani anamwegemea nani?

msomaji_nairobi

Nimefurahi kuiona Out of Africa ikitajwa katika swali, nami ningependa kuizungumzia kwa undani, kwa kuwa picha zake zilipigwa hapa kwetu Kenya na kwa kuwa sikubaliani kwamba inajitosheleza kwa urahisi kiasi hicho.

John Barry alizaliwa York, Uingereza, mwaka 1933. Baba yake alimiliki majumba ya sinema, kwa hiyo alikua akisikia muziki wa Steiner na Korngold tangu utotoni, kisha akawa mpiga tarumbeta. Hadithi za Kenya zilimletea tuzo mara mbili: Born Free ya mwaka 1966, habari za simba Elsa, ilimpatia Oscar ya muziki na ya wimbo kwa pamoja, na Out of Africa ikampa nyingine. Namna yake ni rahisi kuitambua. Fidla zinaimba melodia ndefu, polepole, kana kwamba mwimbaji ana pumzi isiyokwisha, na chini yake pembe za shaba zinajibu kwa noti chache. Hakimbilii popote.

Filamu ile ina urefu wa zaidi ya saa mbili na nusu, na muziki wa Barry umejaza sehemu ndogo tu ya muda huo. Watu wengi hukumbuka kwamba okestra ilikuwepo muda wote, lakini haikuwepo. Kuna mazungumzo marefu yasiyo na noti hata moja, na katikati yake kuna Mozart, sehemu ya polepole ya koncheto yake ya klarineti, inayotoka kwenye gramafoni ya Denys, mpenzi wa Karen, mwanamke wa Ulaya ambaye filamu inasimulia maisha yake. Barry anasubiri. Kisha inakuja ndege, Karen anakaa mbele, na kwa dakika kadhaa hakuna anayesema neno: tunaona mabonde, nyumbu, ziwa lenye heroe wengi hata maji yanaonekana ya waridi, na okestra pamoja na kwaya isiyotamka maneno inafunguka yote. Nguvu ya kipande hicho inatokana na saa nzima ya kuzuiliwa. Ukikisikiliza peke yake unapata melodia nzuri. Ukikisikiliza mahali pake unapata kuachiliwa.

Sitaki kukwepa jambo ambalo Wakenya wengi huliuliza. Katika muziki ule hakuna chochote cha Wakikuyu, Wamaasai, Wasomali wala Waswahili, ambao wamejaa katika picha. Ninaukubali uamuzi wa Barry kwa sababu muziki wake haudai kuwa sauti ya nchi. Ni kumbukumbu ya mwanamke mmoja wa Ulaya aliyeondoka na asirudi. Lakini msikilizaji makini anapaswa kujua anasikia moyo wa nani. Njia nyingine zilikuwepo. King Solomon's Mines ya mwaka 1950, iliyopigwa Kenya, Uganda, Tanganyika na Kongo, haikuwekewa okestra kabisa. Muziki wake ni ngoma na nyimbo za wenyeji. Henry Mancini naye alipotungia Hatari! ya mwaka 1962, iliyopigwa kaskazini mwa Tanganyika, kile kipande chake maarufu cha ndovu watoto alikipa klarineti ndogo yenye sauti ya juu ikitembea juu ya mdundo wa dansi ya Kimarekani. Hakina Uafrika wowote, na bado ukikisikia unauona mkonga unavyopepesuka. Mancini aliwatazama wanyama wenyewe, wala hakujisumbua na wazo la Afrika.

fidla_na_udi

Salaam kwenu nyote. Nitasema machache kutoka upande wa pwani, kwa kuwa huku swali la muziki wa filamu bila filamu ni la zamani sana.

Wazee wetu wa Unguja na Mombasa waliufahamu muziki wa filamu za Misri na India kwa santuri na redio, wengi wao bila kuziona filamu zenyewe au miaka kadhaa kabla ya kuziona. Okestra kubwa za taarabu za Unguja, zenye fidla nyingi, selo na besi, zilijengwa kwa mfano wa okestra za Kairo zilizosikika katika filamu za Mohammed Abdel Wahab na Umm Kulthum, na klabu ya Ikhwani Safaa, iliyoanzishwa mwaka 1905, ni shahidi wa mabadiliko hayo. Mombasa nako, Juma Bhalo alijulikana kwa kuimba mashairi ya Kiswahili kwa melodia za filamu za Kihindi. Melodia hizo zilisimama bila picha na hata bila lugha yake.

Kwa hiyo ningependa jina la Naushad, mtunzi wa muziki wa filamu za India, liongezwe katika mazungumzo haya. Alizaliwa Lucknow mwaka 1919, na kwa filamu ya Aan ya mwaka 1952 alikusanya okestra ya wapigaji wapatao 100, jambo kubwa mno kwa Bombay ya wakati ule. Wanamuziki kutoka Goa ndio waliokuwa wakisoma na kuandika noti za Kizungu, na kupitia kwao raga na nyuzi za Kiulaya zilikutana katika studio moja. Nakiri kwamba hizo zilikuwa nyimbo zenye maneno, na ndugu msikilizaji anauliza kuhusu muziki usio na maneno. Lakini sikiliza dibaji ya okestra kabla mwimbaji hajaingia, na vile vipande vya kati ya ubeti na ubeti. Ndipo mtunzi alipojiweka mwenyewe.

msikilizaji_tanga

Nawashukuru sana wote. Nimefanya kama alivyoshauri ndugu nyuzi_tupu kuhusu kile kisa cha gari, na nimeelewa jambo ambalo maelezo marefu yasingenifikishia. Nimegundua pia kwamba nyuzi zile zina kipande kinachorudi tena na tena bila kutulia, na kwamba kuna nyakati kinanyamaza ili tusikie sauti za watu ambao mwanamke yule anawawazia wakizungumza juu yake.

Nina swali la nyongeza. Kwa kazi za miaka ya 1930 na 1940, nisikilize rekodi za awali zilizotoka kwenye filamu zenyewe, au zile zilizopigwa upya na okestra za baadaye? Rekodi za awali zina mikwaruzo na sauti nyembamba, lakini naona kama zina ukali ambao zile mpya hazina.

pembe_ya_shaba

Zote mbili, kwa sababu kila moja inakupa kitu tofauti. Rekodi ya awali inakuonyesha mwendo aliouchagua mtunzi mwenyewe, ambao kwa kawaida ni wa kasi kuliko tunavyodhani. Rekodi mpya inakuonyesha yaliyomo ndani: utasikia kinubi na selesta (kinanda kidogo chenye sauti ya kengele) za Korngold ambazo vinasa sauti vya mwaka 1938 vilizimeza. Charles Gerhardt aliongoza mfululizo mzuri wa rekodi jijini London, ulioanza mwaka 1972 kwa muziki wa The Sea Hawk na kazi nyingine za Korngold, na mtayarishaji alikuwa George, mwana wa Korngold. Kwa King Kong kuna rekodi ya miaka ya 1990 ya okestra ya simfoni ya Moscow chini ya William Stromberg, ambayo John Morgan aliirekebishia noti kwa kazi kubwa. Kazi hiyo ilihitajika kwa sababu studio hazikuwa zikizithamini karatasi za muziki. Studio ya MGM ilizitupa zake jalalani mwishoni mwa miaka ya 1960, na baadhi ya muziki wake umelazimika kuandikwa upya kwa kusikiliza filamu, noti baada ya noti.

Ningependa pia kumjibu ndugu nyuzi_tupu kuhusu nani anamwegemea nani, maana amenifanya nilegeze msimamo wangu. Mwongozaji Sergio Leone alimwomba mtunzi Ennio Morricone atunge muziki wa Once Upon a Time in the West, iliyotoka mwaka 1968, kabla ya kupiga picha, na muziki huo ulichezwa mahali pa kazi ili waigizaji na kamera watembee kwa mwendo wake. Mwongozaji Steven Spielberg naye alipomwona mtunzi John Williams akihangaika kulinganisha okestra na sekunde za mwisho wa E.T., mwaka 1982, alimwambia azime picha na aongoze kama yuko ukumbini, kisha yeye akaihariri filamu upya ifuate muziki.

nyuzi_tupu

Mifano hiyo miwili ndiyo niliyoitaka. Nitaongeza tu, kwa ndugu msikilizaji, kwamba sehemu ile ya mwisho ya E.T. ni mahali pazuri pa kurudi baada ya King Kong, kwa kuwa zote mbili zimejaa matendo ya haraka yanayopaswa kupigiwa noti. Sikiliza kwa Williams jinsi baiskeli zinavyopaa, chombo kinavyoshuka na jinsi wanavyoagana, bila melodia kukatwa hata mara moja ili kulipisha tendo lingine. Kisha rudi kwa Steiner, uanze kwenye ukungu, usikilize zile noti tatu tu mpaka mwisho wa filamu, na utuandikie umezikuta mara ngapi mahali ambapo Kong haonekani.